Uwanda wa Kano unastahili njia zake za baiskeli

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo halijanitoka moyoni tangu niliporejea kutoka Uingereza mwezi Agosti, na ambalo naamini linawahusu wakazi wa Ahero, Rabuor na uwanda mzima wa Kano hapa Kaunti ya Kisumu. Nazungumzia safari za baiskeli za matembezi, yaani zile ambazo mtu hazifanyi kwa mashindano wala kwa kubeba mzigo, bali kwa kuzunguka mashambani polepole, akiitazama nchi, akipumzika kijijini na kurudi nyumbani kabla jua halijatua.

Nilikwenda kumtembelea binti yangu anayefanya kazi Cambridge. Jumamosi moja alinipeleka kijiji cha Wicken, akatukodishia baiskeli mbili karibu na hifadhi ya kinamasi iitwayo Wicken Fen, akaniambia, “Baba, leo hakuna mlima hata mmoja.” Nina umri wa miaka 64 na goti langu la kushoto lina maumivu ya zamani, kwa hiyo sikuyaamini sana maneno hayo. Hata hivyo, tuliendesha kwenda na kurudi, jumla ya kilomita zisizopungua 25, na jioni niliketi mezani kama mtu aliyetoka kutembea sokoni.

Eneo hilo huitwa Fens, nalo lilikuwa kinamasi kitupu hadi karne ya 17, wakati matajiri wa Kiingereza walipomwajiri mhandisi wa Kiholanzi, Cornelius Vermuyden, achimbe mifereji ya kuyatoa maji na kuyapeleka baharini. Ardhi iliyobaki ni nyeusi, yenye rutuba nyingi, na ni tambarare kama sakafu, kiasi kwamba kanisa kuu la mji wa Ely huonekana kutoka mbali likiwa peke yake juu ya upeo wa macho. Udongo ule ukikauka husinyaa. Mahali paitwapo Holme walisimamisha nguzo ya chuma katikati ya karne ya 19, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa ardhi, na leo nguzo hiyo imechomoza juu kwa takriban mita nne, si kwa sababu imepanda bali kwa sababu nchi yenyewe imeshuka. Ndiyo maana mtu anayepita kwenye tuta la mfereji huona jambo linalomshangaza mara ya kwanza: upande mmoja maji yametulia karibu na miguu yake, na upande wa pili shamba liko chini kabisa, chini kuliko maji yale. Sisi tunaoishi kando ya Mto Nyando, ambao kila mvua kubwa ikinyesha hupasua kingo na kuingia majumbani mwetu, hatuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya tuta imara.

Njia tuliyoifuata inaitwa Lodes Way. Ina urefu wa kilomita 14 hivi, kutoka Wicken hadi nyumba ya kale ya Anglesey Abbey karibu na kijiji cha Lode, ikipita pembeni mwa kijiji cha Reach. “Lode” ni jina la wenyeji la mfereji wa kale uliochimbwa kwa mkono ili mashua zipite. Sehemu fulani ni barabara nyembamba ya mashambani ambapo gari hupita kwa nadra, sehemu nyingine ni njia ya baiskeli, watembea kwa miguu na farasi tu. Kwenye mfereji wa Burwell kuna daraja la juu lenye ngazi, na hapo mimi na binti yangu tulilazimika kushuka na kuzivusha baiskeli kwa mikono, yeye akisukuma nyuma nami nikishika usukani. Kwenye mfereji wa Reach hali ni tofauti, kwa maana huko lilijengwa mwaka 2010 daraja jipya ambalo baiskeli hupanda na kushuka bila mtu kuweka mguu chini. Ng'ombe wenye manyoya marefu na pembe pana walikuwa wakilisha hatua chache kutoka njiani, na hakuna aliyewafukuza wala aliyewaogopa.

Lakini kilichonigusa zaidi ya daraja, ng'ombe na mifereji ni vibao. Kila tulipofika penye njia panda palikuwa na kibao kidogo cha buluu chenye picha ya baiskeli nyeupe, na ndani yake namba 11 katika mraba mwekundu. Ndicho tu. Ramani ya binti yangu ilibaki mfukoni siku nzima. Mtu mgeni kabisa, ambaye hajui jina la kijiji chochote wala hawezi kumsimamisha mtu na kumuuliza njia kwa lugha yake, angefika alikokuwa akienda.

Nilipouliza ni nani aliyeviweka vibao hivyo, niliambiwa kwamba kazi hiyo haikuanzishwa na serikali. Ilianzishwa mjini Bristol mwaka 1977 na kundi la wananchi waliopenda baiskeli, kundi ambalo baadaye lilikuja kuwa shirika la hisani lililojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Sustrans. Waliichukua reli iliyokuwa imeachwa kati ya Bristol na Bath, wakaigeuza kidogo kidogo kuwa njia ya baiskeli, wakaimaliza mwaka 1986. Mwaka 1995 walipata fedha za bahati nasibu ya taifa, na hapo ndipo mtandao wa njia za nchi nzima ulipoanza kutandazwa. Kuna jambo jingine ambalo naliheshimu hata zaidi. Mwaka 2020 shirika hilo hilo liliondoa karibu robo ya njia zake kwenye mtandao, au kuzipa hadhi nyingine, kwa kuwa zilipita kwenye barabara zenye magari mengi ambako mtoto hangekuwa salama. Waliona ni afadhali njia zipungue kuliko kibao kumwelekeza mtu kwenye hatari, na nadhani huo ndio uadilifu unaotakiwa kwa yeyote anayesimika kibao kando ya barabara.

Sasa nirudi kwetu. Barabara kuu ya kutoka Ahero hadi Kisumu ni tambarare, na mwenye pumzi za kawaida angeimaliza kwa saa mbili. Mimi nimeiendesha tangu ujana wangu nikiwa na ile baiskeli nzito tuliyoizoea, yenye kerieri ya chuma nyuma. Siiendeshi tena. Mwaka juzi, karibu na Rabuor, lori la miwa lilinipita likiwa karibu mno hata upepo wake ukanisukuma hadi mtaroni, tairi la mbele likapinda, nami nikakaa kwenye nyasi kwa muda mrefu nikizitazama tu spoki zilizokatika. Fundi wa baiskeli aliyenisaidia aliniambia kwamba wateja wake wengi wameacha kuendesha kwa sababu hiyo hiyo, hasa wazee, wanawake na watoto wa shule.

Wala sidai serikali ya kaunti ijenge barabara mpya. Njia tayari tunazo, ila hatujaziita njia. Mradi wa mpunga wa Ahero hupata maji yanayovutwa kwa pampu kutoka Mto Nyando, na ule wa Kano Magharibi huyavuta kutoka Ziwa Victoria. Katika miradi yote miwili mifereji imenyooka, na kando yake kuna tuta ambalo wakulima na wahudumu wa maji hupitia kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Hakuna malori huko. Asubuhi, yangeyange huwa wametapakaa mashambani kama nguo zilizoanikwa, kwarara wanapiga kelele, na upande wa kaskazini milima ya Nandi imesimama kama ukuta wa samawati. Nimetembea Wicken na nimetembea hapa, na kwa uzuri wa kutazamwa sioni tulichopungukiwa.

Ninachopendekeza ni mzunguko mmoja tu kwa kuanzia, wenye vibao katika kila njia panda, utokao Ahero ukafuata matuta na barabara za vijijini kuelekea magharibi hadi upande wa ziwa, kisha urudi kwa njia nyingine. Nasema uanzie Ahero na si Kisumu kwa sababu ya upepo. Mahali pasipo na milima, upepo ndio mlima, na yeyote aliyewahi kuendesha katika Fens atakuambia hivyo. Kwetu hapa asubuhi huwa shwari, lakini ikifika alasiri upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea bara. Anayetoka Ahero mapema atakwenda kwenye utulivu, na wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka, upepo utamsukuma mgongoni. Anayetoka Kisumu atapata kinyume chake, na huenda asitamani kurudia safari hiyo.

Kuna mambo mawili ambayo sharti yatazamwe. La kwanza ni udongo. Ule mweusi wa Kano ukilowa hunata kama ugali usioiva, hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu lisizunguke, na mwenye baiskeli akaishia kuibeba begani. Kwa hiyo sehemu mbaya zimwagiwe moramu, na katika miezi ya masika watu waambiwe wazi kwamba njia imefungwa. La pili ni wakulima wenyewe. Wanayo haki ya kuogopa kwamba wageni watakanyaga miche, kuiba, au kupita juu ya mpunga ulioanikwa kwenye turubai. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1968 iliruhusu baiskeli kwenye njia za mashambani za farasi, lakini ikamtaka mwendeshaji awapishe watembea kwa miguu na wapanda farasi. Hapa kwetu kanuni kama hiyo ingetosha: mwenye kazi shambani apishwe kwanza, na mpita njia ashuke penye mpunga. Kamati za wakulima ziulizwe kabla ya kibao cha kwanza kusimikwa, nazo ndizo zichague ni matuta yapi yafunguliwe.

Faida itabaki kijijini. Mwenye baiskeli hupita polepole na huona njaa upesi, kwa hiyo mama wa chai na mandazi, muuza samaki na fundi wa kuziba pancha watakuwa wa kwanza kuonja matunda yake. Isitoshe, sisi watu wa magharibi mwa Kenya si wageni wa chombo hiki. Jina bodaboda lilizaliwa mpakani kwa ndugu zetu wa Busia na Malaba katika miaka ya 1960, wakati abiria walipobebwa kwenye kerieri ya baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, muda mrefu kabla pikipiki haijalichukua jina hilo.

Naiomba idara ya barabara ya kaunti na mamlaka inayosimamia miradi ya umwagiliaji zikubali kuketi na wakulima wa Ahero hata kwa siku moja. Mimi na walimu wenzangu wastaafu tuko tayari kutembea matuta hayo kwa miguu, kuandika mahali penye njia panda na penye daraja bovu, na kupaka rangi vigingi vya kwanza kwa gharama yetu. Kile cha kwanza kabisa kingefaa kusimama karibu na daraja la Nyando pale Ahero, mahali ambapo wanafunzi wa asubuhi watakiona kabla hawajaingia barabara kuu.

Mwalimu mstaafu,
Ahero, Kaunti ya Kisumu