Niende zahanati niliyopangiwa au nibaki kwenye uokoaji mlimani?

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Naombeni ushauri jamani maana siku zinakimbia na usingizi wenyewe sipati.

Mimi ni tabibu, nina diploma ya miaka mitatu, umri 27, nakaa Moshi. Nilivyomaliza chuo ajira hakuna, nikaanza kupanda Kilimanjaro na misafara ya wageni kama mtu wa afya. Asubuhi na jioni napita hema kwa hema napima oksijeni kidoleni, nauliza kichwa, kutapika, usingizi, afu namwangalia mtu anavyotembea, maana akianza kuyumba kama mlevi na hajanywa kitu ujue ubongo unavimba, hapo hakuna mjadala ni kushuka tu.

Sasa mwaka jana mwezi wa pili tuko kambi ya Barafu, karibu mita 4,670, saa nne usiku naitwa hema la wagumu, yaani wapagazi. Nakuta kijana kakaa kaegemea mizigo, kulala hawezi, midomo imebadilika rangi, kitambaa alichokoholea kina povu la pinki. Oksijeni kidoleni inasoma asilimia 52. Naweka sikio mgongoni nasikia kifua kinatokota kama sufuria ya uji, yaani mapafu yameingia maji kwa ajili ya urefu wa mlima. Kumbe alikuwa anakohoa tangu Barranco, kambi ya chini tuliyopitia, akaficha, ananiambia dokta nikishushwa hela ya siku zilizobaki naikosa. Hayo maneno hayajanitoka mpaka leo. Tukampa oksijeni na nifedipini, dawa ya kushusha presha ya mapafu, tukamfunga kwenye machela ya gurudumu moja, watu sita, tukaanza kushuka usiku uleule kuelekea Mweka, gurudumu linagonga mawe, mimi niko pembeni nimekumbatia mtungi naangalia mshale wa geji unavyorudi nyuma namwomba Mungu hewa itoshe. Tukishuka namba inapanda, 60, 68, alfajiri tumefika Mweka kambini, kama mita 3,100, ilikuwa 84 na akaomba chai. Yupo mzima, anabeba mizigo tena.

Toka siku ile nikajua tiba ya dharura na uokoaji ndo kazi yangu, na hasa kwa hawa wanaobeba, maana mgeni akiumwa anasema, mgumu anaficha.

Tatizo ni hili. Ajira ya serikali imetoka, nimepangiwa zahanati moja Katavi. Mama kafurahi mpaka kalia, na simlaumu, mlimani mimi sina mkataba wala bima, mwezi wa nne na wa tano mvua zikishika nakaa nyumbani tu, na mdogo wangu yuko fomu three ada na mahitaji yote yananitegemea mimi.

Nikisema nisome, udaktari miaka 5, intern (mafunzo ya vitendo hospitalini) mwaka 1, afu ubingwa wa magonjwa ya dharura Muhimbili miaka mingine 3, nitatoka nina 36 au zaidi, na hela sina. Kuna mgeni daktari alinishauri nichukue ile kozi ya huduma ya kwanza ya porini, ni kama saa 70 hadi 80 hivi, nzuri sana kwa mlimani ila cheti kinaisha baada ya miaka miwili mitatu na hospitalini hakikupandishi cheo.

Kuna yeyote hapa alianza kama tabibu akafika kwenye tiba ya dharura? Ulipitia wapi, nani alikulipia? Na je, nikienda Katavi nikathibitishwa kazini, kupata ruhusa ya masomo inachukua muda gani kwa uhalisia, au ndo nitazeekea huko? Nanyi mliowahi kuacha ajira ya serikali mkafuata mnachokipenda huku familia inawategemea, nyumbani mlisemaje?

Natakiwa niwe nimeripoti kabla ya tarehe 15 mwezi ujao. Tarehe 9 ya mwezi huohuo nina msafara mlimani kwa njia ya Lemosho, siku nane, nimeshaitikia na mama bado sijamwambia.