Anti, eti mimi ni "dada wa mambo ya jikoni"

Shikamoo Anti. Saa tisa usiku hii sijalala, rojo la vitumbua limeshaumuka kwenye ndoo, moto nawasha saa kumi, nikasema bora nikuandikie.

Kwanza mimi sio mtu wa makuu na wivu sina, waulize Mbagala nzima. Jumamosi mdogo wangu kaoa. Ukafika muda wa kutambulisha familia, kashika maiki, kamtaja mama, kawataja wajomba, bosi wake, mpaka wenzake wa hosteli, mimi akaninyooshea kidole tu, "na yule pale dada yetu, yeye huwa anatusaidia mambo ya jikoni". Basi. Watu wakapiga makofi.

Jikoni Anti! Huyu mtoto nimemsomesha bweni, ile elfu sabini ya mwaka kabla hawajafuta ada 2016, na michango juu, kwa vitumbua hivi hivi. Chuo mkopo alipata ila haukutosha, uliobaki mzigo wangu. Sisemi ili nisifiwe, dada mkubwa lazima abebe, nalijua. Mimi hata kitumbua kizuri sili, vizuri vya wateja, nakula vilivyoungua na vilivyopasuka, miaka yote, na wala sijali.

Nilikuwa na kitenge nilinunua Kariakoo 2017, pisi nzima, nikakiweka sandukuni nikasema nitakishona siku yangu ikifika, sijui ndo siku gani hiyo. Niliporudi kutoka ukumbini nikakitoa. Anti kimeachia kwenye mikunjo, nikivuta kidogo tu kinachanika kama gazeti. Hapo ndo nililia, ukumbini sikulia. Nina miaka 38.

Mama anasema nimsamehe, presha ya harusi. Nimeshamsamehe, kinyongo sina, ila simu yake sipokei tangu Jumapili. Na kapiga mara mbili tu, angekuwa anajua alichosema si angepiga hata kumi? Jana kaleta meseji nikajua ndo anaomba radhi, kumbe "dada kikoba chenu si mnavunja mwezi huu, tunadaiwa ukumbi". Yani ukumbi ule ule.

Kikoba kweli tunavunja, changu ni kama milioni na laki mbili. Nilipanga friji niuze na juisi. Saa nyingine nawaza nisinunue kitu, nifunge biashara wiki nzima nilale mpaka jua linipige usoni, nile kitumbua cha moto cha kununua kwa mtu. Hivi Anti mtu anaweza kula akiba yake kwa kulala? Si nitaonekana nimechanganyikiwa?

Nikimnyima, mama atasema roho yangu imegeuka, na aibu mbele ya wakwe ni yetu wote. Nikimpa, hata akija kubatiza mtoto mimi ni wa jikoni tu. Usiniambie nijipende, hayo redioni wanasema kila siku. Niandikie maneno ya kumjibu, mafupi, yasiyo na ugomvi. Au nimpe nusu? Ile harusi ilikuwa nzuri lakini, kapendeza kweli mdogo wangu, sikatai.

Mtaa usiutaje tafadhali. Ngoja niwahi, rojo linamwagika.