Abiria mzembe, au mlango hauna komeo?

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata mstari, nina duka la kuangalia na wajukuu wa kuangalia, lakini ile habari yenu ya treni ya mvuke ya Uskoti imenikaa kooni tangu niisome. Mliandika kama vile mtu kaonewa. Ati treni ya kihistoria, ati watalii wanapenda kuchungulia dirishani wapigwe na upepo, sasa wamelazimishwa kutia vifungo kwenye milango na raha yote imekwisha. Raha gani jamani?

Maana hamkueleza huo mlango wenyewe ukoje. Treni yenyewe ni hiyo Jacobite ya Fort William kwenda Mallaig, na mabehewa ya aina ile walianza kuyaunda 1951, milango ya bawaba inafunguka nje, ya kubamizwa kwa mkono. Mabehewa mengi ya zamani ya Uingereza abiria alikuwa anashusha kioo, anatoa mkono nje, anashika kitasa anafungua, basi, treni isimame isisimame hakuna wa kumzuia. Na kitasa chenyewe kina hatua mbili, usipokibamiza vizuri kinashika jino la kwanza tu, wewe ukitazama waona mlango umefungwa kumbe umeegeshwa. Watu walikuwa wanaanguka, ndiyo sababu zile treni zao za mwendo wa kasi zilizoanza 1976 na milango hiyohiyo zikaja kutiwa kipingo cha pili miaka ya tisini mwanzoni, kipingo anakiendesha gadi kwa swichi na abiria hata avute vipi hakifunguki mpaka gadi aachie. Sheria ikaja 1999 ikasema milango isiyokuwa na kipingo hicho iondoke, treni za kawaida zikaondoka nayo, hizi za kihistoria zikabaki zinaomba ruhusa maalum, zikipewa zinaomba tena. Wenye Jacobite wakasema kipingo kitawagharimu pauni milioni 7, wakaenda kortini, Desemba 2023 Korti Kuu ya London ikawakatalia. Hapo mliona mtu kaonewa?

Na huko kuchungulia mnakokusifu, Desemba hiyohiyo ila ya 2018, karibu na mji wa Bath, Uingereza, kwenye treni nyingine, abiria mwanamke alitoa kichwa nje ya dirisha la mlango treni ikiwa mbio, tawi la mti likampiga akafa. Kibandiko cha kuonya kilikuwepo pale juu ya mlango.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kila mtu akianguka kwenye treni, iwe Ulaya iwe hapa kwetu, swali la kwanza ni alikuwa anafanya nini mlangoni. Hakuna anayeuliza mlango ulikuwa unafanya nini. Mimi haya nayajua kwa sababu niliyaona na macho yangu, enzi hizo nikisafiri kwa treni ya kizamani kufuata mali ya duka, sitasema ilikuwa ya nani wala ya nchi gani, wenyewe wanajijua. Usiku, joto, nimeinuka kwenda chooni, na vyoo viko mwisho wa behewa pale penye milango, napita juu ya watu maana wameketi kwenye magunia na mabegi hapana pa kuweka mguu. Mlangoni kaegemea msichana mtoto yuko mgongoni, kikapu miguuni, na si kwamba alipenda kukaa pale, ndani hakuna nafasi na tikiti kakata kama wenzake. Treni ikapiga kona na ule mlango ukafunguka wenyewe, haukusukumwa na mtu wallahi, ukafunguka wote ukagonga ubavu wa behewa, giza nje na upepo unaingia na yule msichana anakwenda kinyumenyume na mtoto wake. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameketi chini akamdaka mkono, mwengine akashika buibui, wakamvuta ndani wakaanguka wote watatu juu ya magunia. Mimi nilichofanya ni kupiga ukelele tu. Kikapu kilikwenda, na kiatu kimoja. Mtoto hata hakuamka! Sasa subiri, gadi akaja na tochi, kijana tu wa umri wa mwanangu, namwambia, mwanangu, mlango huu mbovu utaua mtu, anamulika kitasa anakichezesha ananijibu, "Mama, mlango mzima huu, kona ndiyo mbaya." Kona ndiyo mbaya! Reli imekunjwa pale tangu wakati wa Wazungu, kona haijaanza leo. Nikamuuliza kwa hivyo utaifanya nini kona, akaniambia nirudi nikakae, abiria ndio wanaoharibu milango kwa kuegemea, kisha akatoa kamba ya katani mfukoni, mfukoni Bwana Mhariri, yaani anatembea nayo, akaufunga ule mlango kwenye chuma cha kushikia akaenda zake. Mlango wa upande wa pili nikautazama, una kamba tayari, tena kuukuu imeshaingia weusi. Yule msichana alilia kikapu mpaka asubuhi, na kuna mzee wa makamo pale alimgombeza kwa nini alikaa mlangoni na mtoto.

Na msiniambie ni gharama. Panda Madaraka Express, treni ya Mombasa kwenda Nairobi, pale stesheni ya Miritini, utamkuta mhudumu kasimama mlangoni pa behewa, wewe abiria kazi yako ni kuonyesha tikiti na kuingia. Hilo halitaki pauni milioni 7. Linataka mtu wa kuambiwa mlango huu ni wako, ukifunguka njiani utajibu wewe.

Lakini hata kuifikia hiyo Miritini kutoka Malindi ni shughuli, maana sisi treni hatuna, twapanda matatu mpaka Mombasa, na humo ndimo utajua kwamba mlango kwetu ni pambo. Makanga hakai ndani. Ananing'inia nje mguu mmoja ndani mmoja hewani, mlango wazi kutoka Gede, anapiga bodi kwa kiganja anaita watu ambao hata hawako barabarani, na aliyekaa kiti cha mlangoni, mara nyingi ni mama mwenye mtoto kwa sababu ndicho kiti cha mwisho kujaa, anakula vumbi na kuomba Mungu mpaka Kilifi. Marehemu Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, alileta sheria zake za matatu 2004, mikanda, vidhibiti mwendo, sare, tukashangilia. Mikanda iko wapi? Nilivuta mmoja juzi ukaja wote mkononi, nikampa makanga, akaupokea akauweka chini ya kiti bila hata kuona haya. Polisi wa kizuizini waliuona mlango wazi, wakapunga mkono. Na tuktuk sizungumzii, hizo milango hazikuzaliwa nayo.

Basi mimi nina pendekezo. Wanaotwambia kwamba treni ya Lamu inakuja, ile ya LAPSSET, mradi wa bandari, reli na barabara za kutoka Lamu, uliozinduliwa Machi 2012 na marais wakaja wakapigwa picha, bandari tumeiona, gati la kwanza likafunguliwa 2021, reli bado hatujaiona, siku hiyo reli ikija wasituletee mabehewa ya mtumba yaliyokataliwa kwengine kwa ajili ya milango. Na kama ni lazima walete ya mtumba, basi kabla hayajapanda abiria wayapitishe kwa mafundi seremala wa Lamu. Mtu wa Lamu mlango wa nyumba yake, nyumba ambayo haijawahi kwenda popote, anautia komeo na tumbuu na mnyororo, nyie mlango wa chumba kinachokwenda mbio usiku na watu ndani mwautia kamba. Fundi mmoja aje na keke na patasi, atie komeo upande wa ndani juu kabisa mtoto asifikie, ufunguo akae nao gadi, na huyo gadi kiti chake kiwekwe palepale mlangoni, aegemee yeye. Mkurugenzi wa reli naye akikagua asikague kituoni na zulia jekundu, akague kwenye kona.

Barua hii mkiona ni ndefu kateni mtakapo, lakini ile kamba ya katani msiikate.

Mimi msomaji wenu,
Mama wa duka, Shela, Malindi