Barua ya wazi kwa vijana mnaopiga picha za familia

Wanangu wapiga picha,

Salaam. Mimi ni mzee wa studio, tangu enzi za filamu na pazia la kuchorwa kwa mkono. Siku hizi wajukuu hunionyesha kazi zenu kwenye simu. Naona mnavyoipanga familia nzima mkaiigizisha: mtoto kavaa koti la baba, mama kakaa sakafuni miguuni pa bintiye, bibi kageukia dirishani. Nyingi zinanigusa kweli.

Wapo wanaowaambia picha ya kupangwa ni uongo. Wasiwavunje moyo. Pale kivuko cha Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha walisimamisha watu mbele ya mapazia yenye meli, ndege na maghorofa, na hakuna aliyedanganyika. Mteja alikuwa anasema anatamani kuwa nani.

Ninalowaandikia ni la mtoto. Katika picha nyingi ninazoziona, wazo ni la mkubwa, pozi ni la mkubwa, huzuni ni ya mkubwa. Mtoto kaazimwa uso tu.

Tafuteni habari za mpiga picha Samuel Fosso. Alizaliwa Kumba, Kameruni, mwaka 1962, wazazi wake Waigbo wa Nijeria. Utotoni alikuwa na ulemavu wa kupooza, na hakupigwa picha kama watoto wenzake. Vita vya Biafra, vya wenyewe kwa wenyewe huko Nijeria, vikampitia akiwa mdogo. Mwaka 1972 akahamia Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa jamaa yake, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, akafungua studio yake mwenyewe. Kutwa alipiga picha za wateja. Filamu ikibakisha picha chache, hakukubali zipotee: alijigeuzia kamera, kavaa suruali pana na viatu vya soli nene, akapiga pozi alizozitaka mwenyewe. Nyingine alimpelekea bibi yake Nijeria, ajue mjukuu yu mzima. Mwaka 2003, mtu mzima sasa, alijivika mavazi ya babu yake, mganga aliyemtibu ule ugonjwa, akajipiga picha kana kwamba ndiye huyo babu. Tazameni yale macho. Hakuna aliyemwambia akae vipi.

Basi kabla hamjawasha taa, kaeni na mtoto. Muulizeni anataka kuvaa nini, nani akae karibu naye, nani asiwemo. Halafu nyamazeni mngoje jibu. Nilipata kupiga familia moja iliyokuja kwa picha ya Idi. Binti yao mdogo alikataa kusimama mbele ya mama yake. Akazunguka, akasimama nyuma ya kiti cha bibi yake, akaushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mama akataka kumrudisha. Nikamwomba amwache. Vile vidole juu ya ule ubao vilisema nani anamlea, na kila aliyekuwamo chumbani alijua. Picha kama hiyo hamwezi kuibuni ninyi.

Na msimlize mtoto ili picha ipate uzito. Kama baba yuko Uarabuni kikazi, au wazazi wameachana, mtoto akitaka kuliigiza hilo, mpeni nafasi. Asipotaka, lisiguswe, hata mzazi aking'ang'ania.

Marekani, mpiga picha Sally Mann alichapisha picha za wanawe watatu mwaka 1992, baadhi wakiwa uchi, na mabishano hayajaisha hadi leo, ingawa watoto ni wake na kamera ni yake. Ninyi mnapiga wa wenzenu. Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Hiyo itimizeni, lakini msiishie hapo, maana mzazi hasemi kila lililo moyoni mwa mwanawe. Zamani tulisafisha picha, tukaitia kwenye bahasha, ikaenda kukaa kabatini kwao. Yenu inaonwa na dunia nzima kabla mtoto hajafika nyumbani.

Kwa hiyo mwonyesheni picha zote kwanza, achague zipi zitoke. Andikeni makubaliano hayo, na akifika umri wa sekondari mumuulize tena. Akisema iondolewe, iondoeni siku hiyo hiyo, hata kama imeshinda tuzo.

Mzee wenu,
Mombasa