Rangi ya mafuta haifai nyumba za matofali mabichi

Bwana Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa familia kuhusu vijana wanaoanza maisha na namna ya kupendezesha nyumba kwa pesa kidogo. Mengi yalinifurahisha, hasa yale ya kushona foronya kwa mabaki ya vitambaa, maana ushonaji ndio unaonilisha. Ila pale mwandishi aliposhauri kwamba nyumba yenye watoto ipakwe rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, ili uchafu ufutike kwa kitambaa, naomba nafasi ya kumjibu. Ushauri huo ni wa nyumba za mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, zilizojengwa kwa bloku za simenti juu ya msingi wa zege. Huku Katuba wengi wetu tunakaa kwenye nyumba za matofali mabichi, udongo uliokaushwa juani, na nyumba hizo zina tabia zake.

Zinakunywa maji. Mvua zikianza, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ardhi inalowa mpaka mwezi wa nne, na ukuta usio na kizuizi chini unayavuta maji hayo. Yanapanda polepole, kisha yanatafuta pa kutokea kwenye uso wa ukuta, ndipo yakauke. Wewe umeshauziba uso huo kwa rangi ya mafuta. Mwezi wa pili ukifika, rangi inavimba malengelenge chini ya dirisha. Mtoto anabonyeza kwa kidole, linapasuka, na nyuma yake unakuta vumbi la udongo na chumvi nyeupe. Kwa jirani yangu kabati lilisogezwa ili wafagie, plasta ikaja nalo. Rangi ile ilikuwa ya bei kali, tena ya dukani mjini.

Kuna na jambo la afya ambalo makala haikuligusa. Rangi nyingi za mafuta za zamani, na nyingine zinazouzwa hata leo, zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu madini hayo yanaharibu ubongo unaokua. Mtoto anayetambaa anaokota gamba la rangi na kulitia mdomoni kabla hujageuka. Kwa hiyo mkihamia nyumba yenye rangi kuukuu inayobanduka, msiipige msasa ikiwa kavu. Watoto waende kwa nyanya yao. Lowesheni ukuta, kwangueni, okoteni vipande vyote, kisha pigeni deki kwa maji. Kufagia kunarusha vumbi hewani, na vumbi tunalo la kutosha katika mji huu wa migodi.

Sisi tulipaka chokaa. Najua vijana wataguna, chokaa wanaiona ni ya vyoo na mashina ya miti. Lakini chokaa inauacha ukuta upumue, kuvu haiipendi, na mkoa wetu una mawe yake: machimbo ya Kakontwe, upande wa Likasi, yanajulikana tangu zamani. Unachotaka ni subira, na mkono usio na pupa.

Ukinunua ya mabonge, iliyochomwa ila haijazimwa kwa maji, weka maji kwanza kwenye pipa la chuma, halafu tia chokaa kidogo kidogo. Usigeuze ukamwagia maji chokaa, wala usitumie beseni la plastiki, maana inachemka yenyewe bila moto na inarukia macho. Vaa glavu, watoto wakae mbali. Ikishatulia, ifunike ikiwa chini ya maji, uiache wiki moja au zaidi. Inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ukinunua unga uliokwisha kuzimwa, umepunguza hatari, lakini nao uloweke usiku kucha. Chuja kwa kipande cha kikwembe (kitenge) kilichochakaa, ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa: wanaona ni maji matupu, wanaongeza unga, wanapaka uji. Ukikauka unapasuka na kuchafua kila anayeegemea. Mume wangu aliwahi kutoka kanisani akiwa na bega jeupe, basi nikajua ukuta ule waliupaka nene.

Ukuta uloweshwe kwa brashi kabla ya kupaka. Ukiwa mkavu unanyonya maji yote, na chokaa inabaki juu kama vumbi, haishiki. Paka tabaka jembamba. Litaonekana kama hujafanya kitu, mume atauliza pesa zimekwenda wapi. Mwache alale. Chokaa inakuwa nyeupe kadiri inavyokauka, na kadiri inavyokutana na hewa inarudi kuwa jiwe taratibu. Kesho yake tabaka la pili, kesho kutwa la tatu. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, hiyo lazima ing'olewe kwanza.

Kwa ile sehemu ya chini inayochafuka, tulitia udongo mwekundu wa kichuguu katika chokaa hiyo hiyo. Uponde, uanike, uchekeche kwa kitambaa cha neti, na usizidishe sehemu moja ya udongo kwa kumi za chokaa, la sivyo inakuja mkononi. Jaribu kwanza juu ya tofali moja, subiri likauke, ndiyo uamue, kwa sababu rangi ya majimaji inadanganya. Ile mbichi ilikuwa nyekundu kabisa. Ilipokauka ikawa ya waridi la vumbi, nami nikaipenda kuliko nilivyokusudia. Mikono ya watoto inaonekana, ndiyo, lakini kila kiangazi unapitisha tabaka moja kwa asubuhi moja na ukuta umerudi. Tahadhari tu: msichukue udongo karibu na machimbo au viwanda, hata kama una kijani cha kuvutia. Kijani hicho ni shaba, na huwezi kujua imeandamana na nini.

Mstari wa kutenganisha rangi mbili wengi wanauvuta kwa rula ya mtoto wa shule, unapinda. Saga makaa, pakaza unga wake kwenye uzi mrefu wa kushonea, ule mnene. Mmoja ashike huku, mwingine kule, mkiwa mmepima urefu sawa kutoka dari, si kutoka sakafuni, maana sakafu zetu hazijanyooka. Kazeni uzi, vuteni katikati kwa vidole viwili, achieni. Tak! Mstari mweusi mwembamba, umenyooka ukuta mzima. Watoto wangu walitaka turudie kila chumba, hata jikoni ambako hatukuwa na rangi ya pili.

Si jambo jipya hili. Wamama wa Makwacha, kijiji kisicho mbali sana na Lubumbashi, wanapamba kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi wakati wa kiangazi, kwa michoro inayowaleta wageni kutoka mbali. Na sebule za wazee wetu zilikuwa na picha za mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, zilizochorwa na vijana wa hapa hapa. Tshibumba Kanda Matulu na wenzake, miaka ya 1970, walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Kijana anayelipa pesa kwa picha ya karatasi ya maporomoko ya maji ya nchi asiyoijua, angempa pesa hizo mchoraji wa mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo, angepata kitu ambacho jirani hana.

Walio na nyumba za simenti nao niwaambie moja, maana huko ndiko pesa zinakopotea. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.5, kina ukuta wa mita za mraba 35; ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 32. Litri moja ya rangi ya maji inafunika karibu mita za mraba 10 kwa tabaka moja. Tabaka mbili ni litri 6 au 7. Muuzaji atakuambia ndoo ya 20 ndiyo nafuu, na kwa litri kweli ni nafuu, lakini nusu yake itagandia chini ya kitanda chako. Nunueni watu watatu ndoo moja nyeupe, mgawane, kila mmoja atie rangi yake.

Rido (mapazia) sitasema mengi, msije mkadhani natafuta wateja. Kikwembe kimoja cha yadi 6 kinatosha madirisha mawili madogo na foronya, ukikata kwa akili.

Kinachonisumbua zaidi ni wenye lupango, wenye nyumba tunazopanga. Tulipokwisha kupaka, mwenye nyumba wetu wa wakati ule alikuja, akazunguka vyumba, akasifu. Mwisho wa mwezi akapandisha kodi: nyumba sasa ni nzuri. Tulikuwa tumeipaka kwa pesa zetu na jasho letu, na hatukuwa na karatasi. Tukahama, kuta zikabaki kwake. Tunakokaa sasa tulifanya tofauti. Kabla ya kugusa brashi tuliandika hali ya kila ukuta, tukaandika vifaa vinagharimu kiasi gani na kwamba vitakatwa kwenye kodi, na kwamba kodi haitapanda kwa sababu ya rangi. Mwenye nyumba akasaini, nasi tukasaini, na jirani akashuhudia. Hakukataa, alishangaa tu kwamba kuna mpangaji anayeuliza. Sheria ya Kongo nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inahusu nyumba za kupanga, na inasema garanti, pesa za dhamana anazoweka mpangaji, kwa nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Wapangaji wangapi wanaijua?

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Bwana Mhariri: mwezi wa tano ujao, mvua zikishakatika, chapeni ukurasa mmoja kwa ajili ya nyumba za matofali mabichi, na kando yake mfano wa mapatano hayo, kwa Kiswahili chepesi, ambao mtu anaweza kuukata kwa mkasi na kumpelekea mwenye nyumba wake.

Wenu,
Mshonaji, mama wa watoto wawili
Katuba, Lubumbashi