Namba ya siri imetumika: jibu hilo halitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mtu anaamka asubuhi, anakuta meseji za benki: shilingi 400,000 zimetolewa kwenye ATM, kisha 400,000 nyengine, kisha tena. Kadi anayo mkobani. Anakwenda tawini, na mara nyingi jibu la kaunta ni moja: "Namba yako ya siri imetumika, basi ni wewe au mtu wako." Wengi, khasa wazee wa pencheni, hurudi nyumbani na jibu hilo. Halitoshi. Benki ina kumbukumbu zinazosema zaidi ya hapo, na mteja ana haki ya kuulizia, alimradi ajue aulize nini.

Kabla ya kupanga foleni, fungia kadi kwa simu. Namba ya huduma kwa wateja imeandikwa nyuma ya kadi, lakini kadi ikipotea na namba imekwenda nayo, kwa hiyo ihifadhi pia kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Mwambie mhudumu akupe namba ya kumbukumbu ya simu hiyo, na uandike saa uliyopiga. Pesa itakayotoka baada ya saa hiyo ni vigumu mtu kukubebesha wewe.

Watu wengi hawajui kwamba kufungia kadi hakufungi huduma ya benki kwenye simu. ATM nyingi siku hizi hutoa pesa bila ya kadi, kwa namba inayotumwa kwa meseji. Aliyeipata simu yako na namba yako ya siri ya benki hana haja na kadi. Basi omba vyote viwili vifungwe. Na ikiwa laini yako ilikata mtandao ghafla siku hiyo, nenda kwa mtandao wako uulize kama imesajiliwa upya kwenye kadi nyengine ya simu. Piga pia *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha Taifa.

Halafu omba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, siyo kile kikaratasi cha miamala ya mwisho. Tafuta ada ndogo ya kuulizia salio kwenye mashine usiyoijua, siku chache kabla ya wizi: mara nyingi ndipo kadi ya bandia ilipojaribiwa. Noti yetu kubwa ni ya 10,000, na mashine nyingi hazitoi zaidi ya noti 40 kwa mara moja. Ndiyo sababu ya mafungu ya 400,000. Angalia pia kama muamala mmoja ni wa 23:55 na mwengine ni wa 00:05. Mwizi amemaliza kikomo cha siku, akangoja tarehe igeuke apate kikomo kipya.

Hapa pana kosa linaloharibu malalamiko mengi ya haki. Taarifa ya benki haihesabu saa kama sisi: 19:20 ni saa moja na dakika 20 usiku. Na sisi tukisema "usiku wa Ijumaa" tunakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa benki bado ni Alkhamisi mpaka saa sita. Mteja akiandika "usiku wa Ijumaa", picha za kamera ya mashine zitatafutwa usiku wa siku ya pili yake, na hakutaonekana kitu. Andika tarehe na saa kwa tarakimu, vile vile kama ilivyo kwenye karatasi yao.

Sasa ndiyo swali lenyewe. Kila muamala wa kadi hubeba alama inayoeleza kadi ilisomwa vipi. Tarakimu zake mbili za mwanzo zikiwa 05, mashine imesoma chipu, kile kipande kinachong'aa mbele ya kadi. Zikiwa 90, imesoma ule ukanda mweusi wa sumaku ulio nyuma ya kadi. Zikiwa 80, kadi ni ya chipu, lakini chipu ilishindikana na mashine ikakubali ukanda. Tofauti hiyo ni kubwa. Chipu hutengeneza namba mpya kwa kila muamala, na kuinakili ni kazi ngumu mno. Ukanda hunakiliwa kwa kifaa chembamba kilichobandikwa kwenye mdomo wa mashine, huku kamera ndogo juu ya vitufe ikichukua namba ya siri. Kwa hiyo 90 au 80 kwenye kadi ya chipu ya mteja ambaye siku hiyo hakutoka Unguja, na pesa zimetolewa mji mwengine au nchi nyengine, ni dalili nzito ya kadi bandia, na hapo kusema "namba yako ya siri imetumika" si ushahidi dhidi ya mteja, kwani mwizi aliinakili pamoja na ukanda. Ukanda huu ni udhaifu unaojulikana. Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba utaondolewa kwenye kadi zake zote ifikapo 2033.

Ikiwa ni 05, haki inatutaka tuseme kweli: kadi halisi ilikuwepo kwenye mashine. Hapo jiulize nani aliishika. Mjukuu aliyetumwa Chake Chake mwisho wa mwezi, muuza duka aliyewekewa kadi kwa ajili ya deni, au yule "msaidizi" aliyetokea pale kadi ilipokwama akakwambia uandike tena namba yako. Kadi ikikwama usiondoke pale kabla ya kuifungia kwa simu. Huenda imezuiliwa kwa kipande cha plastiki, na ukigeuka tu inatolewa.

Kuna na kesi isiyokuwa wizi kabisa: akaunti imekatwa, noti hazikutoka. Usipozichukua kwa nusu dakika hivi, mashine nyingi huzirudisha ndani kwenye sanduku la pembeni. Zikihesabiwa fedha za mashine, zitazidi kwa kiasi kile kile. Omba kumbukumbu ya mashine yenyewe na matokeo ya hesabu ya siku hiyo. Hata kama mashine ni ya benki nyengine, dai unalipeleka kwenye benki iliyokupa kadi, siyo kwa mwenye mashine.

Malalamiko yaandikwe. Weka tarehe, saa, kiasi, namba ya mashine kama ipo, saa uliyofungia kadi, kisha omba mambo matatu kwa maneno haya: alama ya usomaji wa kadi kwa kila muamala, kumbukumbu ya mashine, na picha za kamera zihifadhiwe. Hilo la picha liombwe siku ile ile, kwani kamera huandika juu ya picha za zamani. Benki haitakuonesha sura za watu wengine, ila polisi wanaweza kuziomba. Fungua jalada uchukue RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, na uitaje kwenye barua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku kwetu Zanzibar. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kwa kadi zenye nembo ya Visa au Mastercard, madai mengi baina ya benki na benki yana ukomo wa siku 120, kwa hiyo "njoo mwezi ujao" mara tatu inaweza kukumalizia muda.

Benki isipojibu, au ikijibu bila ya kugusa ulichoomba, peleka nakala hiyo Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapa Unguja. Inasimamia Kanuni za 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, lakini itataka kuona kwamba umeanza na benki yako.

Na wakuu wa mabenki nawaomba jambo moja: fomu ya malalamiko iwe na nafasi ya alama ya usomaji wa kadi, ijazwe na afisa mbele ya mteja, Wete ya Pemba kama Malindi ya Unguja.

Msomaji wako,
Kikwajuni, Unguja