Kwa nini tunaitengea Ngome ya Urquhart nusu siku nzima

Wateja wetu wengi, hasa wanaoleta wazazi waliokuja Uingereza kutembelea watoto na wajukuu, hutuuliza jambo moja kabla ya kulipia safari ya Loch Ness, ziwa la Uskoti ambalo ngome hii iko ukingoni mwake: iweje tutumie saa tatu kwenye magofu, ilhali picha inaweza kupigwa kutoka barabarani kwa dakika kumi? Swali ni la haki, kwani kiingilio si rahisi, na mzee aliyekwisha kuona Kilwa au Gedi hababaishwi na ukuta uliobomoka.

Jibu letu ni kwamba Urquhart haikuchakaa kwa uzee tu. Mwaka 1692, askari wa serikali waliokuwa wakiilinda walipoondoka, walililipua jengo la lango kwa baruti ili ngome isiwafae Wajakobi, yaani wafuasi wa Mfalme James wa Saba aliyekuwa amepinduliwa. Mapande makubwa ya ukuta ulioporomoka siku hiyo yangali yamelala kando ya lango, nasi husimama hapo kwanza, kwa sababu asiyeelezwa huyapita akidhani ni miamba. Baadaye wenyeji walijichukulia mawe na mbao, na mwaka 1715 dhoruba ikaangusha upande mmoja wa Mnara wa Grant, ulio ndani ya ngome. Ukiwa juu ya mnara huo ndipo unapoelewa kwa nini rasi hii iligombewa tangu enzi za Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliyeitwaa mwaka 1296: ziwa, ambalo lina urefu wa takriban kilomita 37, hunyooka pande zote mbili, na chombo kinachopita hakina pa kujificha. (Watoto hulitazamia lile dubwana linalosemekana kuishi ziwani, hilo hatulitolei dhamana.)

Tiketi huuzwa kwa saa maalumu na maegesho ni machache, kwa hiyo sisi hukata mapema, na mteja anayechelewa kufika kituoni katika mji wa Inverness huwacheleweshea wenzake wote. Wanaoishi Edinburgh au Glasgow tunawashauri walale Inverness usiku uliotangulia, kwa maana kuja na kurudi siku hiyohiyo humaliza muda barabarani, na mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni.

Tunaomba pia tuambiwe kweli kuhusu afya ya magoti. Njia ya kushukia ngomeni ina mteremko, ambao wakati wa kurudi huwa mlima, na ngazi za mawe ndani ya mnara ni nyembamba na za kuzunguka. Mzazi asiyeziweza hapotezi safari, kwa kuwa kituo cha wageni, kilicho juu ya ngome, kina filamu fupi na mkahawa unaotazama ziwa, na dereva wetu hubaki naye huko hadi wengine warudi. Koti la upepo ni la lazima, hata Julai.